Boma Lisiloezekwa

Ukipita vijijini na pembezoni mwa miji ya Tanzania utayaona: kuta zimefika lenta, ule mkanda wa zege wa juu, madirisha wazi, nondo zimechomoza juu ya nguzo zikiwa na kutu, ndani majani yamefika magotini. Pembeni yake, chini ya turubai au kwenye darasa la chekechea, watu wanaimba. Hilo boma ndilo kanisa lao. Siku ya kuweka jiwe la msingi vigelegele vilipigwa. Kisha mvua ikagoma misimu miwili, saruji ikapanda, mfadhili akanyamaza, au wale vijana waliokuwa wakichangia kila mwisho wa mwezi wakapunguzwa kazini.

Tunaandika kwa ajili ya wazee wa kanisa, watunza hazina, wenyeviti wa jumuiya na kina mama wanaolifagia hilo turubai kila Jumamosi. Jambo letu ni moja: katika nyakati kama hizi ndoto ya usharika hufa kwa ukimya na kwa aibu kabla haijafa kwa ukosefu wa fedha. Vyote viwili vina dawa, na dawa yenyewe ni kazi ya mikono, daftari na miguu.

Tuanze na ukimya. Fundi akishaondoka, ujenzi unatoweka kwenye matangazo. Mwezi wa kwanza viongozi wanasema "tutawapa taarifa". Mwezi wa tatu hakuna anayetaja. Kufikia mwezi wa sita muumini mgeni akiuliza "hili litaisha lini?", watu wanatazama chini. Nabii Habakuki alikuwa katika hali mbaya kuliko hiyo, maadui wakiwa njiani, na neno alilopewa lilikuwa la kiutendaji kabisa: iandike njozi katika vibao, iwe wazi, anayeisoma apate kuisoma kama maji. Wazee wetu wakisema mtu anasoma kama maji wana maana anasoma bila kukwama. Kwa hiyo andikeni ubao, na uandikwe kwa namna ambayo bibi aliyeishia darasa la nne ataumaliza kwa pumzi moja.

Chukua plaiwudi ya futi 4 kwa 4, ipake rangi nyeusi ya ubao, itundike mahali watu wanapotokea baada ya ibada na siyo ofisini. Mistari iwe mitatu tu: kilichokamilika, kinachofuata, kilichobaki ili kinachofuata kianze. Ibadilishwe kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, hata kama kilichoongezeka ni tripu moja ya mchanga. Kosa linalofanyika karibu kila mahali ni kuandika gharama yote ya jengo. Mtu anayeuza maandazi akiona milioni 150 juu ya ubao, shilingi 1,000 yake inamwonea haya mkononi. Andika "Tofali 100 za ukuta wa kusini, zimepatikana 62". Hapo shilingi 1,000 inajua inakwenda wapi.

Kosa la pili ni kuandika tarehe ya kumaliza. Andikeni hatua, tarehe iacheni. Tutalirudia jambo hili, maana limeumiza sharika nyingi.

Kuugawa ukuta

Soma Nehemia sura ya 3 kama orodha ya mafundi, utaona jinsi kazi ya kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu ilivyogawanywa. Kila kundi lilipewa kipande, na baadhi walijenga mkabala na nyumba zao wenyewe. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wakuu wa Watekoa hawakutia shingo zao kazini, na mwandishi akaliweka hilo kwenye kumbukumbu bila kuwasimamishia wengine kazi. Ukuta ulikwisha kwa siku 52.

Tufanye hesabu yetu. Kanisa la mita 18 kwa 10 lina mzunguko wa mita 56. Gawanya kwa vipande vya mita 3 unapata vipande kama 18 au 19, vingine vikiwa na mlango au dirisha. Usharika wenye jumuiya 9 kila moja inabeba viwili. Kipande kimoja cha mita 3 kwa kimo cha mita 3 ni mita za mraba 9, na kila mita ya mraba inakula tofali kama 10 za inchi 6 zikisimamishwa. Hizo ni 90, ongeza 10 za kuvunjika, jumla 100. Mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali 25 unapata tofali imara. Mafundi wengi watakuambia 30. Anayekuahidi 45 anakuuzia mchanga uliokauka, na mvua ya kwanza itamuumbua. Kwa hiyo kipande kizima kinahitaji mifuko 4 ya kufyatua, mmoja wa kujengea, na mchanga kiasi cha mita za ujazo 2. Mifuko 5! Jumuiya ya kaya 12 inaweza kuiota mifuko 5 hata mwaka wa njaa. Jengo zima haiwezi, na haikuumbwa iweze.

Kumwagilia tofali ni kazi ambayo haina gharama na ndiyo inayosahaulika. Tofali likikauka haraka juani linabaki vumbi lililoshikana. Limwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kukosa, likiwa kivulini au limefunikwa kwa majani ya migomba au turubai, na lisijengewe mapema. Saruji hufikia nguvu yake inayotegemewa kwenye siku 28. Gaweni zamu za kumwagilia kwa majina na siku. Asiye na fedha ana ndoo, na ndoo yake iandikwe kwenye daftari lile lile wanaloandikwa wenye fedha, kwa kalamu ile ile.

Bei zinapoyumba, fedha iliyolala benki miaka miwili ikisubiri "tutimize kiwango" inanunua kidogo kila mwaka. Geuzeni fedha kuwa vitu, ila mjue vitu gani. Mawe, kokoto na mchanga havina tarehe ya kuharibika, vinahitaji tu kuzungushiwa ili mvua isivisombe na majirani wasivichote. Bati na nondo hukaa, mradi viwe pakavu na juu ya magogo. Saruji haikai. Baada ya miezi 3 nguvu yake huwa inapungua, na kwenye unyevu wa pwani au ukanda wa ziwa hata mapema zaidi. Ikibidi kuihifadhi, ipangeni juu ya mbao sentimita 15 kutoka sakafuni, sentimita 30 kutoka ukutani, isizidi mifuko 10 kwenda juu, ifunikwe, na mifuko ya zamani itangulie kutumika. Mfuko wenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole usitumike kwenye lenta wala nguzo, hata kama mtoaji ni mtu mkubwa. Mshukuruni, uwekeni kwenye njia ya miguu.

Boma nalo litunzwe likiwa linasubiri. Simamisheni kazi lenta ikiwa imeshamwagwa, kwa sababu kuta ndefu zisizofungwa juu husukumwa na upepo. Ukuta wa pembetatu wa mbele, ule mnaoupenda kwa sababu ndio utabeba msalaba, msiupandishe kabla ya siku za kupaua. Ukikaa peke yake juu bila kenchi za paa za kuushika, huanguka. Sehemu za juu za kuta zipigwe lipu nyembamba yenye mteremko ili maji yasizame katikati ya tofali. Nondo zilizochomoza zipakwe uji mzito wa saruji kuzuia kutu, na ncha zake zikunjwe au zivishwe chupa za plastiki, kwa kuwa watoto wa Shule ya Jumapili watacheza humo mtake msitake. Fyekeni ndani kila mwezi. Boma lililofyekwa linawaambia wapita njia kwamba wenyewe wapo.

Aibu ya ahadi

Hapa ndipo panapotuuma zaidi.

Mtu alijaza kadi ya ahadi mwezi Januari akiwa na kazi. Aliandika 300,000. Mwezi Mei kazi hana. Jumapili ya kwanza ya Juni majina ya "ambao bado hawajakamilisha" yanasomwa, au yanabandikwa mlangoni. Jumapili ya pili hayupo. Viongozi wanasema amepoa kiroho. Hajapoa. Anaona haya. Watoto wanakuja na mama yao, baadaye mama naye anaanza kuchelewa ili asikutane na mtunza hazina mlangoni, na mwishowe familia nzima imehamia mahali ambapo hakuna anayejua deni lao. Usharika umepoteza kaya kwa ajili ya mifuko kadhaa ya saruji ambayo hata hivyo haikupatikana.

Yako mambo ya kufanya. La kwanza, orodha ya majina ya wadaiwa isisomwe wala kubandikwa kamwe. Someni jumla: "jumuiya ya Galilaya imeleta mifuko 7". La pili, kila robo mwaka tengeni wiki moja ya kurekebisha ahadi. Wiki hiyo bahasha mpya zinagawiwa kwa kila mtu, mwenye ahadi na asiye nayo, ili anayepunguza asionekane. Ndani ya karatasi kuwe na nafasi nne: naendelea na ahadi yangu, napunguza iwe kiasi hiki, nabadilisha iwe siku za kazi, naomba nipumzike hadi robo ijayo. Isiwepo nafasi ya sababu. Mkiweka nafasi ya sababu mmeirudisha ile aibu kwa mlango wa nyuma. Karatasi zinafunguliwa na watu wawili tu, mtunza hazina na mzee mmoja, nao wanafunga midomo.

Viongozi wanaogopa kwamba wote watapunguza. Hofu hiyo inaeleweka, ila itazameni vizuri: ahadi isiyolipika haikuwa fedha tangu mwanzo, ilikuwa namba inayomdanganya fundi. Afadhali kujua kwamba mna milioni 4 za kweli kuliko kupanga kwa 11 za karatasi.

Siku za kazi nazo ziwe na thamani iliyokubaliwa kwenye baraza la wazee, kwa mfano siku moja ya kibarua kwa bei ya kibarua ya mtaani kwenu, na fundi seremala au fundi umeme kwa bei ya fundi. Kama hamkuiweka mapema, mtu atatoa siku 10 za kuchimba msingi kisha aambiwe "hiyo ni sadaka tu, ahadi yako ipo pale pale". Neno hilo moja linaweza kumtoa mtu kanisani kwa miaka.

Mnada wa baada ya ibada ni furaha yetu na tusiuache: kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, wazee wakipandishiana bei na kina mama wakicheka. Tatizo lake ni mnunuzi anayepaza sauti Jumapili na Jumatatu hajulikani alipo. Wekeni utaratibu wa kulipa hapo hapo, taslimu au kwa simu, na anayeshindwa bidhaa irudi kwa aliyempandishia. Na bibi aliyeleta mayai 6 atajwe kwa heshima sawa na aliyeyanunua kwa 20,000.

Njaa katikati ya ujenzi

Wengi wanaohubiri Nehemia kwa ajili ya ujenzi wanatoka sura ya 4, penye upanga na mwiko, wanarukia sura ya 6 ukuta unapokamilika. Sura ya 5 inaachwa, nayo ndiyo inayotuhusu. Ukuta ukiwa haujakamilika, watu na wake zao walipiga kelele: tumeweka rehani mashamba yetu na nyumba zetu tupate nafaka, tumekopa fedha ya kodi, watoto wetu wanakwenda utumwani. Waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia hakuwaambia wavumilie hadi ukuta uishe. Aliita mkutano, akawakemea wakuu, akadai mashamba na riba virudishwe siku ile ile.

Usharika unaotaka kushika ndoto yake uwe na mfuko wa diakonia, yaani wa kuwasaidia wahitaji, uliotengwa na mfuko wa ujenzi, wenye fungu lake maalumu. Asilimia 10 ya kila sadaka ya kawaida, ikitolewa kwanza, ni mwanzo unaobebeka hata kwa mtaa mdogo wa usharika. Pamoja na fedha wekeni kikapu cha chakula mlangoni Jumapili moja kila mwezi. Kifurushi kinachofaa kaya ya watu watano kwa siku chache ni unga wa sembe kilo 5, maharage kilo 2, mafuta ya kupikia lita 1, chumvi pakiti moja na mche wa sabuni. Sabuni msiisahau, kwa sababu mtu asiye na sabuni haji kanisani, na hatasema ni kwa sababu hiyo.

Maamuzi yafanywe na watu watatu, angalau mmoja awe mama, wenye ruhusa ya kutoa hadi kiwango fulani bila kuitisha kikao. Njaa haisubiri kikao cha mwisho wa mwezi. Ombi lijibiwe ndani ya siku 2, iwe ndiyo au hapana. Taarifa kwa usharika iwe ya hesabu bila majina: "kaya 4 zimesaidiwa, jumla 92,000". Na pasiwepo picha. Tunawasihi sana katika hili. Mama aliyepigwa picha akipokea unga, ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la usharika, amelipia unga ule kwa bei kubwa kuliko ya dukani.

Anayekwenda nyumbani aende na mwenzake, mwanamume na mwanamke ikiwezekana, jioni, bila sare ya kwaya wala ya umoja. Maneno ya kwanza yana uzito. "Shikamoo mama. Tumekuja kukusalimu, hatukuja na daftari." Kaeni, nyweni maji mtakayopewa, ulizeni habari za watoto mmoja mmoja kwa jina. Chakula kiachwe mlangoni au jikoni bila hotuba. Ombeni kwa ufupi. Msiwaombee watu "wapate moyo wa kutoa".

Mtajuaje nani wa kumtembelea? Kwa daftari la jumuiya. Jumuiya yenye kaya 8 hadi 15 inaweza kujuana. Ikizidi 20 igaweni, la sivyo watu watapotea ndani yake. Mwenyekiti aweke alama ya waliohudhuria kila wiki, na kaya ikikosekana mara 2 mfululizo mtu aende kabla ya wiki ya 3. Wiki ya 3 mtu bado anarudi. Baada ya miezi 3 anahitaji kwanza kusamehe kwamba hakutafutwa. Daftari hilo liwe pia na namba za simu, pamoja na ya ndugu au jirani kwa wazee wasio na simu. Machi 2020 makanisa ya Kenya yalifungwa kwa sababu ya korona, na yalipofunguliwa tena Julai ibada iliruhusiwa watu wasiozidi 100 kwa saa 1. Usharika unapofungiwa hivyo, anayejua nani anaishi peke yake ni yule mwenye daftari.

Vikoba vya kanisani, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vinasaidia kaya nyingi kuvuka, tusivibeze. Ila fedha za sadaka zisiingizwe humo kwa siku hata moja, wala fedha za ujenzi zisikopeshwe kiongozi "hadi Ijumaa". Ndiyo maana sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio wa familia moja, mezani, noti zikipangwa kwa thamani yake, kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na wote waweke sahihi kabla yeyote hajatoka chumbani. Ipelekwe benki Jumatatu. Michango ya simu iingie kwenye lipa namba ya usharika, kamwe isiingie kwenye laini ya mtu, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu mwaminifu naye hufa, hupoteza simu, au huugua na mkewe akatumia fedha bila kujua ni za nani.

Kusema ukweli madhabahuni

Tuliahidi kurudia suala la tarehe. Katika Yeremia sura ya 28 nabii Hanania alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza: ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi kutoka Babeli. Yeremia alijibu kwanza kwa kusema "Amina", maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini haikuwa kweli, na barua aliyowapelekea mateka ilitaja miaka 70: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni wana wenu, utakieni mji amani.

Tangazo la "mwaka huu lazima tuezeke, pokea kwa jina la Yesu" linaamsha makofi mazito. Desemba ikifika bila bati, aliyeshangilia kwa nguvu zaidi ndiye anayevunjika zaidi, na mwaka unaofuata hata ahadi ya kweli haitamgusa. Mchungaji au mwinjilisti anaweza kusema waziwazi: mwaka huu hatutaezeka. Mwaka huu tutamaliza ukuta wa kusini, tutapanda miti ya kivuli 20, na hakuna mtoto wa jumuiya zetu atakayekosa daftari la shule. Watu wazima wanaweza kubeba ukweli huo. Wanaubeba kila siku nyumbani kwao.

Liturujia ipewe nafasi ya kulia pia. Zaburi za maombolezo ni nyingi kuliko tunavyozisoma, na usharika unaoruka moja kwa moja kwenye mapambio unawaacha nje wale waliofiwa na waliofukuzwa kazi. Jumapili moja kila mwezi soma zaburi ya maombolezo polepole, nyamazeni dakika 2, kisha jumuiya moja ilete mahitaji yake kwa sauti. Moja tu, siyo zote, ili kila moja isikilizwe kweli. Mwezi unaofuata mlioomba waeleze kilichotokea, hata kama kilichotokea ni hakuna.

Vijana nao waingizwe kwenye ndoto mapema. Mpeni kijana anayejua simu kazi ya kutunza hesabu za vifaa, mpeni binti anayesomea ufundi ramani ya jengo aieleze mbele ya watu. Kijana aliyeishika ramani hatasema "kanisa la wazee".

Chombo cha udongo

Yeremia huyo huyo, akiwa kifungoni katika uwanja wa walinzi na Yerusalemu ikiwa imezingirwa, alinunua shamba huko Anathothi kwa Hanameli, mwana wa mjomba wake. Bei imeandikwa: shekeli 17 za fedha, zikapimwa kwa mizani. Mashahidi wakatia sahihi. Nakala zikawa mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, akampa Baruku, mwandishi wake, aziweke ndani ya chombo cha udongo zikae siku nyingi. Hatujui mahali pengine katika Biblia ambapo tumaini limeonyeshwa kwa makaratasi kiasi hicho.

Makanisa mengi yamejengwa juu ya kiwanja alichotoa mzee mmoja kwa mdomo, akiwa hai na mwenye furaha. Mzee anapofariki watoto wanarudi kutoka mjini, bei ya ardhi imepanda, na hakuna karatasi. Fanyeni hivi mtoaji akiwa hai. Andikeni hati ya makubaliano ikitaja vipimo kwa mita na mipaka ya pande 4. Mke au mume wa mtoaji atie sahihi, na watoto watu wazima washuhudie. Hao ndio watakaobaki. Majirani wa pande zote waitwe siku ya kupima, wakubali mipaka na wasaini. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji au mtaa wagonge muhuri, na pale sheria inapotaka kijiji kiidhinishe, muhtasari wa mkutano uambatanishwe. Pandeni alama za mipaka siku hiyo hiyo, minyaa au mawe yaliyozamishwa.

Umiliki usajiliwe kwa jina la bodi ya wadhamini ya kanisa, ambayo Tanzania Bara husajiliwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Usiandikwe jina la mchungaji, la mwenyekiti wa ujenzi, wala la mfadhili. Hata kama ni watakatifu, wana warithi.

Tengenezeni nakala tatu kamili, pamoja na ramani ya jengo, daftari la vifaa na orodha ya vipande vya ukuta na jumuiya zilizovijenga. Moja ikae ofisi ya jimbo au dayosisi, moja kwa mtunza hazina, moja kwenye mtaa wenyewe wa kanisa. Hiyo ya mtaani msiiweke juu ya kabati la ofisi ambako bati linavuja na mchwa wanapanda ukutani. Itieni kwenye mfuko wa plastiki mzito, kisha ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, juu ya rafu isiyogusa ukuta, na ifunguliwe mara moja kwa mwaka kukagua unyevu. Juu ya bahasha andikeni kwa wino usiofutika, kwa herufi kubwa, jina la mtaa, ukubwa wa kiwanja na mwaka. Atakayekuja kuifungua huenda leo yuko Shule ya Jumapili, bado anajifunza kusoma.